Mteremko wa Kerio na Amana ya Wazazi



Mtoto anayejifunza baiskeli hapa Griftu hana haja kubwa na breki. Ardhi ya Wajir Magharibi ni tambarare hata macho huchoka kutafuta kilima, na njia zake nyingi ni mchanga. Ukiacha kukanyaga pedali, mchanga wenyewe hukusimamisha kabla hujahesabu kumi. Baiskeli nyingi nizionazo katika nyua za nyumba na kando ya msikiti hazina breki ya mbele kabisa. Ya nyuma ipo, waya wake umefungwa kwa kamba, na mwenyewe hajui ilikufa lini. Kinachoogopwa huku ni mwiba wa mgunga utoboao mpira, basi. Kwingineko kote mtoto yuko salama, na anguko lake ni la kucheka na kukung'uta vumbi.

Kijana aliyelelewa juu ya baiskeli ya namna hiyo humaliza sekondari, akapata nafasi ya chuo Eldoret, na muhula wa kwanza haujaisha marafiki wapya wamemwambia: Jumamosi twende Iten, tuteremke Bonde la Kerio. Mama mmoja mwenye mwana katika hali hiyo hasa alinijia baada ya darsa ya akina mama. "Maalim," akasema, "mwanangu anataka nimtumie pesa anunue baiskeli ya mashindano. Asema huko kuna milima, na watu wanaipanda na kuishuka kwa mazoezi tu, hawaendi popote. Nimkataze?"

Suali hili si la mama wa Griftu peke yake. Vijana wa Lamu, Malindi na Mombasa nao wamejaa vyuo vya bara, na wao pia wamekulia nchi isiyo na mteremko wa kutajika. Ndiyo maana nimeona jibu lije hapa jaridani, walisome wazazi wa huku na wa huko. Nalitanguliza kwa neno moja: asimkataze. Lakini ruhusa yake iwe na masharti, na masharti yenyewe hayatoki kichwani mwangu, yanatoka katika umbile la bonde.

Bonde la Kerio ni sehemu ya Bonde la Ufa. Upande wa magharibi umesimama ukuta wa Elgeyo, upande wa mashariki vilima vya Tugen, na chini, baina ya kuta hizo mbili, unapita mto Kerio ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Mji wa Iten umekaa juu kwenye ukingo, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Barabara ya lami inatoka hapo, inapita Tambach, inajipinda na kujipinda tena mpaka kwenye daraja la mto penye korongo la Cheploch, kisha inaanza kupanda upande wa pili mpaka Kabarnet. Masafa yote ni zaidi kidogo ya kilomita 50, lakini njia kama hii haipimwi kwa kilomita. Kutoka Iten hadi mtoni unateremka zaidi ya mita 1,000. Asubuhi unaondoka juu umevaa sweta, na muda si muda uko katika joto kama letu la Wajir, mbuzi wamejibanza kivulini, na wavulana wa Cheploch wanajirusha kutoka juu ya majabali hadi ndani ya mto wenye mamba. Kisha ukitaka kurudi, mita zile 1,000 zinakungoja, na sasa ziko juu ya kichwa chako.

Iten imejulikana duniani kwa wakimbiaji wake, na baiskeli ilikuja baadaye kuchukua nafasi ndogo pembeni. Mpiga picha mmoja kutoka Singapore, Nicholas Leong, alijiuliza: ikiwa watu wa nyanda hizi wanawashinda walimwengu kwa miguu, kwa nini wasiwashinde juu ya magurudumu? Mwaka 2008 aliwachukua Wakenya wawili hadi Ufaransa, kwenye mlima wa Alpe d'Huez wenye kona 21, mlima ambao waendesha baiskeli wakubwa hupimana nguvu. Mmoja wao, Zakayo Nderi, aliupanda kwa dakika 42 na sekunde chache, muda ambao uliwafanya wajuzi wa mchezo huo wainue vichwa. Baadaye ikaundwa timu ya Kenyan Riders yenye makao Iten, na barabara ya Kerio ikawa darasa lake.

Katika darasa hilo alipita Suleiman Kangangi. Mwaka 2017 alikuwa wa tatu katika mashindano ya kuzunguka Rwanda, nchi ambayo kila njia yake ni kilima, na baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Tarehe 27 Agosti 2022, akishindana Vermont nchini Marekani, alianguka kwa kasi kubwa na akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33, akaacha mke na watoto. Namtaja mapema kwa makusudi. Kijana anapomwomba mzazi wake pesa humwonyesha picha za washindi walioinua mikono, na ni haki ya mzazi kujua yote mawili kabla hajatia mkono mfukoni.

Tuanze na kupanda, maana ndiko vijana wanakokuogopa, na ndiko ambako hatari ni ndogo. Hewa ya Iten ni nyepesi. Kila pumzi mtu avutayo pale ina oksijeni pungufu kwa robo hivi kuliko pumzi ileile avutayo Mombasa. Kijana wa tambarare akifika leo na kuukabili mlima kesho, moyo utamdunda, kichwa kitamuuma, atajiona mgonjwa, na pengine atawaonea haya wenziwe asiseme. Si ugonjwa wala udhaifu. Mwili unahitaji wiki mbili tatu kuzoea na kuongeza chembe nyekundu za damu. Baada ya hapo kupanda ni mambo ya subira: kuteua gia nyepesi, kukanyaga taratibu bila kusimama juu ya pedali, kuvuta pumzi kwa mpango. Barabara ikisemwa ina mwinuko wa asilimia 8, maana yake ni kwamba kila mita 100 unazokwenda unapanda mita 8. Kwa baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, ile iitwayo Black Mamba, ni afadhali kushuka na kuisukuma, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Anayepanda huenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Akichoka, husimama. Akianguka, hukwaruzika kiwiko.

Jambo moja la kupanda lisipuuzwe, nalo ni maji. Chini bondeni jua ni kali, na mwenye kutoka kwenye baridi ya Iten hajisikii kiu mpaka ameshachelewa. Chupa mbili kubwa ni kiasi cha chini. Mwezi wa Ramadhani safari hii iachwe kabisa mchana. Kijana mwenye saumu akitaka kunyoosha miguu, na azunguke kidogo huko huko juu palipo baridi, jioni, adhana ya magharibi ikikaribia.

Sasa tuje kwenye kuteremka. Hapa ndipo moyo wa mama unapopaswa kuamka.

Anayeteremka hafanyi kazi. Mlima unamfanyia. Na kwa kuwa hafanyi kazi, hahisi uchovu, na asiyehisi uchovu hana wa kumwonya. Katika mteremko mrefu wa lami baiskeli hufika kilomita 60 kwa saa bila mtu kukanyaga hata mara moja, mwendo wa matatu, na kinachomgusa barabara ni vipande viwili vya mpira visivyozidi upana wa kidole gumba. Iko kanuni ambayo kila mzazi ingefaa aihifadhi: mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama chini ya breki huzidi mara nne. Aliyezoea kwamba kutoka kilomita 30 kwa saa anasimama ndani ya mita kumi hivi, akiwa na 60 atahitaji arubaini, na kona ya Tambach haimpi arubaini.

Breki nazo zina tabia zake. Zile za vipande vya mpira vinavyobana rimu hupata moto zikishikwa mfululizo, na rimu ikichemka sana mpira wa ndani waweza kupasuka. Mwenye kujua hashikilii breki kutoka juu hadi chini kwa hofu. Huikamata kwa nguvu kwa muda mfupi, akapunguza mwendo, akaiachia ipoe, akaikamata tena. Hupunguza mwendo kabla ya kuingia konani, barabara ikiwa bado imenyooka, wala hangoji awe ameshaingia, kwani gurudumu linalobanwa huku limeinama huteleza. Hutumia breki zote mbili, na ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu uzito wa mwili hukimbilia mbele, isipokuwa penye changarawe au maji, ambapo ya mbele hushikwa kwa adabu. Macho yake hayatazami gurudumu, yanatazama mwisho wa kona anakotaka kutokea. Haya yote hujifunzwa, na hayajifunzwi katika mchanga wa Griftu wala katika vichochoro vya Lamu. Kijana wetu anafika Iten akiwa na miguu ya mtu mzima na mikono ya mtoto mchanga.

Asidhani mtu kwamba ujuzi unaondoa hatari. Mwaka 1995, katika mashindano makubwa ya kuzunguka Ufaransa, Fabio Casartelli wa Italia, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 1992, alianguka kwenye mteremko wa milima ya Pyrenees akafa. Juni 2023 Gino Mäder wa Uswisi alitumbukia genge akiteremka mlima katika mashindano ya nchi yake mwenyewe, akafariki siku iliyofuata. Mwaka uliofuata, Septemba, msichana wa Uswisi mwenye umri wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka katika sehemu ya msitu kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Zurich, na muda mrefu ukapita kabla hajaonekana. Siku ya pili yake alifariki. Hawa walikuwa na madaktari nyuma yao, magari, na barabara zilizofungwa.

Kutokana na misiba hiyo walimwengu wamejifunza mambo mawili ambayo sisi tunaweza kuyachukua bila gharama ya kujifunza. La kwanza ni kofia ngumu, helmeti. Mpaka mwaka 2003 waendesha baiskeli wakubwa walikuwa wakiikataa kwa kisingizio cha joto. Machi mwaka huo Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka kichwa wazi katika mashindano ya Paris hadi Nice akafa, na miezi miwili haikuisha helmeti ikawa sharti. La pili ni kutokuwa peke yako. Baada ya kisa cha Zurich, waendeshaji walioshindana Kigali Septemba 2025 walifungwa vifaa vya kuonyesha kila mmoja yuko wapi. Kijana wa chuo hana kifaa hicho. Ana wenziwe wawili na simu iliyojaa chaji. Wasiteremke wakiwa wamefuatana gurudumu kwa gurudumu. Waachane nafasi, na wakubaliane mahali pa kungojana, mathalan Tambach na kisha darajani. Asiyefika kwa muda uliokadiriwa, wenziwe wapande kumtafuta.

Na barabara ya Kerio haifungwi kwa ajili ya mtu. Yamo malori yanayopanda yakiguna na mengine yanayoshuka ambayo breki zake ni za kuombewa dua. Zimo matatu zinazopita magari mengine konani. Kila mwenye kutokea kona anaweza kukuta kondoo wamelala juu ya lami kwa sababu ina joto tamu. Msimu wa mvua jabali humomonyoka na tope hutandaa barabarani, na huko kaskazini, Chesongoch, chini ya ukuta huohuo katika sehemu ya Marakwet, maporomoko ya ardhi mwanzoni mwa Novemba 2025 yaliua zaidi ya watu ishirini usiku mmoja. Mvua ikinyesha, baiskeli ibaki chumbani. Tena kuna suala la usalama, ambalo sisi wa kaunti za kaskazini hatuhitaji kufasiriwa. Sehemu za kaskazini za bonde zimeteseka miaka mingi kwa wizi wa mifugo na bunduki, hata serikali ikaanzisha operesheni mwezi Februari 2023. Barabara ya Iten hadi Kabarnet iko kusini mwa maeneo hayo, lakini kijana asiache lami akafuata njia za bondeni kwa kuvutiwa na mandhari bila kuwauliza wenyeji. Mgeni huuliza. Ndivyo tunavyowataka wageni wafanye wakija kwetu.

Huenda mtu akasema: ajali ni kadari, na lililoandikwa halifutiki kwa helmeti. Watu wa Griftu ndio wa mwisho kusema hivyo. Sijaona hapa mchungaji anayemlaza ngamia wake usiku bila kumfunga goti kwa hoja kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na wote wanakijua kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya jambo hilo, na jibu alilopewa. Anafunga kwanza, kisha anatawakali. Breki ni kamba ya goti la baiskeli. Nilipolisema hili darsani, akina mama walicheka, lakini walilielewa upesi kuliko maelezo yangu yote ya mwendo na masafa.

Kwa hiyo mzazi anayetuma pesa aziagizie mpangilio. Kwanza helmeti iliyo mpya, kwa kuwa iliyokwisha kuanguka na mtu mara moja huenda imepasuka ndani bila kuonekana, nayo hainunuliwi mitumba. Pili vipande vya breki na waya wake, vipya, mbele na nyuma. Tatu mipira mizuri ya nje. Kinachobaki ndicho cha baiskeli yenyewe, ambayo yaweza kuwa mtumba na isiwe na dhara. Vijana hupanga kinyume: huanza na baiskeli inayong'aa, na pesa zikaishia hapo. Sharti jingine lisilo na gharama ni kwamba mwezi wa kwanza apande tu asiteremke. Asukume pedali hata juu, kisha arudi chini ndani ya matatu na baiskeli yake juu ya keria. Mikono ifundishwe kwenye vilima vifupi vya karibu na Eldoret kabla ya kuonyeshwa Kerio.

Hapo msichana mmoja aliyekaa nyuma ya mama yake aliuliza, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika na wote: "Na sisi, Maalim?"

Katika elimu yangu haba sijaona katazo lililo juu ya chombo chenyewe. Kinachotazamwa ni stara, usalama na idhini ya wazazi, na mwanamke juu ya kipando si jambo geni kwa watu wanaohama na ngamia. Vijijini Unguja wanawake na wasichana wa shule wanapanda baiskeli wakiwa wamejisitiri, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Masomah Ali Zada, Mwafghani aliyekuwa mkimbizi nchini Ufaransa, alishindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa amejitanda kitambaa chini ya helmeti. Ndugu wawili wa kike kutoka mkoa wa Faryab, Fariba na Yulduz Hashimi, walianza kushindana kwao kwa majina ya bandia na nguo pana ili wasitambulike. Mwaka 2021 wakakimbilia Italia, na Oktoba 2022 ubingwa wa wanawake wa Afghanistan ulipofanyiwa Uswisi, Fariba akawa wa kwanza na Yulduz wa pili. Na mwaka 2025, ubingwa wa dunia ulipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, wanawake walipanda vilima vya Kigali zaidi ya kilomita 160 kwa siku moja. Sisemi binti wa Griftu akashindane. Msichana anayetembea saa nzima kwenda shule katika jua hili, baiskeli ingemrudishia nusu ya saa hiyo kila siku, na tambarare yetu, tunayoidharau kwa kukosa milima, ni rehema kwa anayeanza.

Sharti lake moja linatofautiana na la kaka yake. Dera, jilbabu na buibui hupenda kuingia katika mnyororo na katika njiti za gurudumu la nyuma, na vazi likinaswa humvuta mpandaji chini kabla hajajua kimetokea nini, hata pasipo mteremko. Suruali pana ivaliwe ndani, ncha ya vazi ikusanywe na kufungwa upande wa kushoto, mbali na mnyororo. Baiskeli za kike za zamani zilikuja na kifuniko cha mnyororo na wavu juu ya gurudumu la nyuma. Katika za mitumba vitu hivyo huwa vimeng'olewa. Fundi wa hapa sokoni anaweza kukiunda kifuniko kwa bati la debe la mafuta ya kupikia. Mwambie azikunje kingo zisikate nguo, na aache tundu dogo la kutilia mafuta mnyororo.